Vijana wa Madina na ndege aliyefungwa: nani aamue gemu ipi inamfaa mtoto?



Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha akiwa ametulia.

Siku moja Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akipita njia, akakuta vijana wa Kikuraishi wamemfunga ndege na wanamlenga kwa mishale. Walikuwa wameshapatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona tu Ibn Umar wakatawanyika, kama watoto wetu wanavyotawanyika wakimwona ustadhi anatokea kona ya msikiti. Akauliza ni nani aliyefanya hivi, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kisa hiki kinasimuliwa na Said bin Jubayr, na wenye kusoma Sahihi Muslim wanakifahamu.

Tukitazame taratibu. Hakuna mahali Ibn Umar alipokemea upinde. Kulenga shabaha ni jambo ambalo Uislamu umelihimiza, na vijana wa Madina walikuwa wakifundishwa. Tena siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na yeye mwenyewe akamsimamia mama yetu Aisha (r.a.), wakati huo msichana mdogo, atazame mpaka atosheke. Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuwazuia akaambiwa awaache. Kwa hiyo silaha katika mchezo haikuwa ndiyo kosa. Kosa lilikuwa kwenye shabaha, yaani kile kinachoumizwa ili mtu afurahi. Na pembeni kulikuwa na mtu wa tatu ambaye wengi wetu tunamsahau tukisimulia kisa hiki, naye ni mwenye ndege, aliyekuwa akichuma kwa kila mshale uliokosa.

Mambo hayo matatu, silaha, shabaha na mchumaji, yashikeni. Tutayahitaji mbele.

Nimeandika haya kwa sababu mama mmoja wa Nyakato, upande wa National, alinitumia ujumbe wa sauti akiuliza kama gemu anayocheza mwanawe wa miaka kumi ni haramu. Nikamuuliza ni gemu gani. Akasema, "Sijui jina sheikh, ni ile ya kuiba magari na kupiga watu." Wazazi wa mjini mnaijua. Ni Grand Theft Auto, na kwenye vibanda vyetu inayochezwa sana ni ile ya zamani, San Andreas, iliyotoka 2004. Nilipoweka swali lake kwenye kundi letu, majibu yakaja ya namna mbili. Wapo waliosema gemu zote haramu, funga mjadala. Wapo waliosema ni mchezo tu, mbona sisi tulikua tunatazama filamu za Rambo na hatujaua mtu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama yule mtoto anafanya nini ndani ya gemu hiyo.

Ndugu zangu, umma huu haukuanza jana kuhukumu michezo. Shatranji, ambayo leo wengi tunaiita chesi, iliingia kwa Waarabu kutoka Uajemi, na asili yake ya Kihindi ilikuwa mfano wa jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Ni mchezo wa vita kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mfalme anazingirwa asiwe na pa kukimbilia. Huko Baghdad ikapata mabingwa wakubwa. Abu Bakr as-Suli, aliyecheza mbele ya khalifa al-Muktafi, jina lake linatajwa mpaka leo na wachezaji wa dunia nzima. Wanazuoni wakatofautiana. Wengi katika madhehebu za Abu Hanifa, Malik na Ahmad waliiharamisha. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu kuanzia pwani hadi huku ziwani, iliiona kuwa ni makruhu maadamu hakuna kamari, swala haipotei na ulimi hauchafuki. Nard, ile ya kurusha dadu, ilikemewa vikali zaidi, ingawa haina askari hata mmoja.

Mnaliona jambo hilo? Mchezo wenye majeshi ulipata nafasi ya kujadiliwa, na mchezo wa dadu usio na vita ukafungiwa mlango. Hawakuhukumu kwa kutazama sura ya juu. Waliuliza mchezo unaleta nini na unaondoa nini.

Sasa tuje kwetu. Sinema ilipofika Afrika Mashariki, serikali za Waingereza ziliweka wakaguzi. Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema tangu 1921, Royal, alilofungua mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Watoto wa Unguja wakajifunza kupanga foleni ya tiketi. Lakini mkaguzi wa kikoloni alikuwa anamlinda nani? Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Kati ilikuwa jambo la kawaida filamu kuruhusiwa kwa Mzungu na kuzuiwa kwa Mwafrika, hata Mwafrika mwenye mvi na wajukuu. Filamu za kauboi ziliwatia wasiwasi wakubwa wale, kwa kuwa vijana wa mjini walizipenda na kuiga mavazi na mwendo. Hofu yao haikuwa roho ya kijana. Ilikuwa bunduki, na nani ataonekana ameshindwa na nani. Badala yake kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu zao wenyewe za kuwafundisha wenyeji, nyingine kuhusu kilimo, nyingine kuhusu afya, nyingine kuhusu kuweka akiba posta. Sizilaumu zote, akiba ni jambo jema. Ninachosema ni kwamba mtu akikwambia "hiki hakikufai", una haki ya kumuuliza anakilinda nini.

Baada ya uhuru tukawa na sheria yetu. Tanzania ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, nayo ikaweka bodi ya kukagua na kupanga filamu kwa umri. Hapa Mwanza waliokuwa wakiingia sinema ya Liberty wanakumbuka kwamba kulikuwa na mlango, mlangoni kuna mtu, na mtu yule anakutazama usoni kabla hajakukatia tiketi. Mlango ule ulikuwa na faida kubwa kuliko tulivyodhani.

Wenzetu Marekani nao walifika kwenye swali la gemu kwa njia yao. Gemu ya kwanza kuzua kelele ilikuwa Death Race ya 1976, ya kugonga vijitu na gari, vijitu vyenyewe ni vijiti vyeupe tu kwenye kioo. Lakini moto hasa uliwaka mwaka 1993. Kulikuwa na gemu ya kupigana iitwayo Mortal Kombat, ambayo mshindi angeweza kumng'oa mwenzake moyo au kichwa pamoja na uti wa mgongo. Ilipoletwa majumbani Septemba 1993, kampuni mbili ziliiuza kwa namna mbili. Nintendo waliondoa damu, wakaweka kitu cha kijivu kama jasho. Sega waliiacha damu, ila mchezaji alitakiwa abonyeze vitufe fulani kwa mpangilio fulani ndipo itokee. Watoto wakaujua mpangilio ule ndani ya siku chache. Na ya Sega ndiyo iliyouzwa zaidi.

Tarehe 9 Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herbert Kohl wakaziita kampuni mbele ya Baraza la Seneti. Watu wa Nintendo na watu wa Sega wakarushiana lawama hadharani, kila mmoja akijionesha kuwa yeye ndiye anayejali watoto. Seneti ikawaambia: jipangeni wenyewe, au tutawapanga kwa sheria. Mwaka 1994 ikazaliwa bodi yao iitwayo ESRB, inayobandika herufi kwenye boksi: E kwa wote, T kwa vijana, M kwa kuanzia miaka 17. Ulaya wakaja na yao, PEGI, mwaka 2003, kwa namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Na Nintendo? Mwaka huohuo wa 1994 toleo la pili la Mortal Kombat lilipotoka, nao waliliuza likiwa na damu. Kibandiko kilikuwa kimeshapatikana, basi damu ikaruhusiwa. Yule mwenye ndege wa Madina angewaelewa vizuri sana.

(Kwa wale vijana wangu wa hesabu: mwaka huo wa 1994 ndio ITV ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara. Wenzetu walikuwa wanabishana damu ya kwenye gemu iwe rangi gani, sisi tulikuwa tunapanda juu ya bati kuelekeza antena.)

Kuna kisa kingine ambacho kinanifikirisha kuliko hicho. Ile San Andreas ya mama yetu wa Nyakato ilipotoka ilipewa M, pamoja na kuua wapita njia, kupora na kuuza dawa. Mwaka 2005 ikagundulika kwamba ndani ya programu yake kulikuwa na sehemu ya uchafu wa kimwili iliyofichwa, ambayo wajuzi waliweza kuifungua. Julai mwaka huo ESRB ikaipandisha gemu hiyo hadi daraja la juu kabisa, la watu wazima tu, na maduka makubwa yakaiondoa kwenye rafu mpaka ilipotengenezwa upya bila sehemu ile. Uchafu kuondolewa, sawa kabisa. Lakini kumpiga bibi anayevuka barabara mpaka afe, hilo lilikuwepo kabla na likabaki baada, na halikumwondoa mtu usingizini. Kila jamii ina kinachoishtua na ina ilichokwisha kukizoea. Herufi kwenye boksi imeandikwa na jamii ile, kwa mshtuko wao. Inasaidia, lakini haikuandikwa kwa ajili ya nyumba yako.

Na Waislamu je? Aprili 2019 bunge la Iraq lilipiga marufuku PUBG na Fortnite. Juni mwaka huo wanazuoni wa Aceh, Indonesia, wakatoa fat'wa ya kuiharamisha PUBG. Julai, Jordan nao wakaifungia. Mwaka 2020 watu wa PUBG wakaweka sehemu mpya ambayo mchezaji anainamia sanamu ili apate nguvu. Waislamu wa Ghuba wakapiga kelele, kampuni ikaomba radhi na kuiondoa. Jirani zetu Kenya, Mei 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kuzuia kitu kilichoitwa Blue Whale, baada ya kifo cha kijana mmoja Nairobi. Shida ni kwamba kile hakikuwa gemu ya kupakua hata kidogo. Ilikuwa habari ya mtandaoni kuhusu majukumu ambayo mtu anapewa na watu asiowajua, na mengi yaliyosemwa juu yake yalikuja kuonekana yametiwa chumvi. Unapiga marufuku nini hapo? Kilichohitajika kwa vijana kilikuwa mtu mzima wa kuongea nao.

Lazima niseme na hili, maana kila nikigusa mada hii kuna ndugu ananiandikia kuhusu Christchurch. Tarehe 15 Machi 2019 waliuawa shahidi ndugu zetu 51 katika misikiti miwili ya New Zealand, na muuaji alirusha mauaji yale mubashara kwa kamera ya kichwani, picha ikiwa mfano wa gemu za bunduki. Ni rahisi kusema gemu ndiyo iliyomfundisha. Tume ya kifalme iliyochunguza, ambayo ripoti yake ilitolewa Desemba 2020, ilionesha kwamba alicheza gemu, ndiyo, lakini chuki yake aliilisha kwa maandiko na video za mtandaoni, YouTube ikiwemo kwa sehemu kubwa. Na chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2015 na tena 2020, kilisema utafiti unaonesha gemu za ukatili zinaongeza ukali mdogomdogo, kama kupayuka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema ndizo zinazozaa mauaji. Sisi ni umma wa ukweli. Tusimwambie mzazi kwamba mwanawe atakuwa muuaji wakati hatuna ushahidi. Kupayuka na kusukumana, hayo tunayo ushahidi wake, na mama wa nyumba anayaona jioni mtoto akirudi.

Basi nikaenda kibandani. Kipo njia ya kuelekea sokoni, mabati mbele, pazia jeusi, televisheni nne na PlayStation 2 zilizochoka. Mwenye kibanda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anaswali nasi Ijumaa, na kwa kibanda kile analipia ada za wadogo zake wawili. Hakuna boksi hata moja mle ndani. Gemu zimenakiliwa kwenye diski tupu, zimeandikwa kwa kalamu, kwa hiyo ile M ya Wamarekani na ile 18 ya Wazungu hazijawahi kufika Nyakato. Mlango wa Liberty ulikuwa na mtu. Mlango wa kibanda ni pazia.

Nikakaa zaidi ya saa moja natazama. San Andreas ilikuwa kwenye televisheni moja tu. Kijana wa darasa la nne hakuwa akifuata hadithi yoyote, alikuwa anazunguka mjini anapiga watu wasiomfanyia kitu, wanaanguka, fedha inadondoka, anaokota. Nikamuuliza yule aliyelala pale amemkosea nini. Akacheka, "Hajakosea, sheikh, ana hela." Hapo ndipo nikapata jibu langu. Katika shatranji aliyeshindwa ni mpinzani aliyeketi mbele yako na jeshi sawa na lako. Katika gemu hii shabaha ni mpita njia, na malipo yanatoka mfukoni mwake. Hakuna roho inayotoka pale, najua, na simfananishi mtoto yule na wale waliomfunga ndege. Lakini mtoto wa miaka kumi anarudiarudia kwa mikono yake kitendo ambacho furaha yake yote ni mtu asiye na kosa kuanguka. Kwa mtoto ambaye hajabaleghe, nasema haifai, na mzazi amzuie. Si kwa sababu ina bunduki. Gemu ya askari dhidi ya askari, kijana wa miaka kumi na sita, aliyeswali, na baba yake anajua, hiyo mimi siwezi kuiita haramu, na anayeiita hivyo alete hoja.

Televisheni tatu zilizobaki zilikuwa na mpira. Mama yetu angefurahi, na ile namba ya Ulaya kwa gemu ya mpira ni 3, yaani hata mtoto mchanga. Lakini nikasikia utaratibu wao: wawili wanacheza, aliyefungwa analipia wote wawili. Vijana, hiyo ndiyo kamari ambayo Imamu Shafii na wenzake waliiwekea sharti! Kila mmoja ameingia hajui atatoka na faida au hasara, na mali ya mwenzake ndiyo inayogombewa. Ni mishale ya Madina ileile, kila inayokosa ina mtu wa kuipokea. Na huko majuu hali haiko mbali. Aprili 2018 Ubelgiji iliamua kwamba maboksi ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu ni kamari, na FIFA 18, gemu ya mpira ya namba 3, ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi za aina hiyo huko Ubelgiji. Kwingine ikaendelea.

Wapo walionitaka tukamvunjie kijana yule kibanda. Sikubali. Nilikaa naye, tukapatana: San Andreas haiwashwi mpaka mtoto wa shule ya msingi awe ametoka, pazia linafungwa mchana kutwa lisizibe, kila mchezaji analipa chake awe ameshinda au amefungwa, na Magharibi televisheni zote zinazimwa. Hilo la malipo ndilo lililomuuma, maana ule utaratibu wa mshindwa ndio uliokuwa ukileta watu. Wiki ya kwanza mapato yalishuka, akanilalamikia wazi. Nikawaomba wazazi watatu wenye uwezo wawe wanawalipia wanao kwa wiki, kwa saa zilizopangwa. Wawili wamekubali. Wa tatu bado ananiambia sheikh umegeuka wakala wa gemu.

Inabaki simu, na simu haina mwenye kibanda wa kupatana naye. Free Fire inachezwa chini ya blanketi kwa simu ya mama. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya familia, washa vidhibiti vya wazazi na uchague umri. Fahamu kwamba umri ule unatokana na maswali ambayo mtengeneza gemu anajijibia mwenyewe, kwa hiyo hata ikipita, icheze wewe kwanza nusu saa. Itakuomba PIN. Isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, anaujua.

Wallahu aalam.